Kilichosimama Kwenye Mianzi

Hema la mjukuu wangu limeanikwa kwenye reli ya ngazi, hapa nyumbani Kingstanding, huku ng'ambo, na nyumba nzima inanuka moshi wa kuni mbichi na sufu iliyolowa. Binti yangu alifungua madirisha yote kabla ya kwenda zamu hospitalini, kana kwamba moshi ni ugonjwa. Mimi nimeyafunga. Baridi ya huku sina undugu nayo, na ile harufu ilikuwa imeshanichukua mbali, sikutaka iniache njiani.

Mtoto alikuwa amepiga kambi msituni na wenzake wa shule. Amerudi na habari za dude refu lenye nywele, lile ambalo watoto wa huku huliita Bigfoot, ati lilisimama katikati ya miti likimtazama wakati anakwenda haja. Yeye husimulia kwa Kiingereza, mimi huuliza kwa Kiswahili, ndivyo tunavyoishi. Mama yake alimkumbatia, akampa maziwa moto, akamwambia kama anaogopa hatapelekwa kambini tena. Mimi nilimuuliza neno moja tu: lilikuwa linanuka vipi?

Akainamia maziwa yake, akanywa. Basi nikajua hakuona kitu.

Msinione mkali bure. Ninajua kwa sababu mimi nilikiona.

Kwetu ni mlimani, upande wa Elgon, pale mahindi yanapoishia na msitu unapoanza. Mwaka ule mvua ilikataa kabisa. Huko chini nyasi zilikuwa zimekauka mpaka zikawa unga, ukikanyaga zinapeperuka. Baba akawapandisha ng'ombe msituni, kwenye uwazi mmoja wenye majani katikati ya mianzi, akajenga kibanda na boma la matawi. Ndugu zangu wa kiume walikuwa shuleni. Mimi shule nilikuja kuionja baadaye, tena kidogo, kwa hiyo nilionekana sina kazi. Nikapelekwa kambini nipike na niwachotee ndama maji. Ng'ombe wakubwa walijishukia mtoni wenyewe, lakini ndama hawakuachwa watoke bomani. Waliletewa maji kwa debe, kutoka kisima kimoja kilichokuwa ndani ya mianzi.

Hatukuwa peke yetu. Mama Chesang, mjane wa jirani yetu, alikuwa amepandisha ng'ombe wake pia, yeye na binti yake Chesang, wa umri wangu. Tulikuwa tunakoka moto mmoja. Mama Chesang alikuwa akinimiminia maziwa lala kutoka kibuyu chake, yenye ule mkaa mweusi unaosuguliwa ndani ya kibuyu na ladha ya moshi, na alikuwa akinipa kabla ya kumpa mwanawe, maana mimi nilikuwa mgeni wa kibuyu. Siku za mwanzo nilidhani tutaishi hivyo mpaka mvua irudi.

Lakini nyasi hazikutosha watu wawili. Hata mimi nililiona hilo. Baba alikuwa akizunguka ukingoni mwa ule uwazi, anang'oa jani, analinusa, analitupa. Halafu anawatazama ng'ombe. Si wetu. Wa mjane.

Asubuhi moja nilikwenda kisimani. Ukungu ulikuwa umelala chini na mianzi inagongana juu, ko, ko, kama watu wanaogombana kwa vijiti. Harufu ndiyo iliyokuja kwanza. Ilinuka beberu aliyenyeshewa, na juu yake kitu kichachu, kama machicha ya busaa, ile pombe ya unga wa mahindi. Nikainua kichwa. Kilikuwa kimesimama ng'ambo ya maji, kwa miguu miwili, kirefu kuliko baba. Nywele zake zilikuwa za rangi ya kutu, zimelowa, zimeshikana mafungu mafungu. Nyani nawajua, nimewafukuza shambani tangu nijue kutupa jiwe. Hakikuwa nyani. Kilishika mwanzi mbichi kikauvunja kama wewe unavyovunja muwa, bila haraka, kikanitazama, kikageuka na kuondoka kwa mwendo wa mtu aliyebeba gunia.

Nilikimbia na debe tupu likinigonga magoti. Baba alikuwa anakamua. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakuachia chuchu ya ng'ombe.

"Umemwambia Mama Chesang?"

"Bado, Baba."

"Nenda kamwambie. Na ulie kidogo."

Kulia hakukuwa kazi. Yule mama alinikalisha, akanifuta uso kwa pindo la leso yake, akasikiliza huku Chesang amejibana nyuma yake. Baba akaja taratibu, uso ameukunja kama mtu aliyetoka matangani.

"Mwambie na meno yake," akasema.

"Sikuona meno, Baba."

"Hukuyaona kwa woga. Yalikuwepo."

Mama Chesang akalifunga lile pindo la leso. Halafu akasema, "Na maji je, Baba Cherop? Kisima ni kile kile. Huyu mtoto utamrudisha pale?"

Baba akacheka kidogo, bila kufungua mdomo. "Mimi nina wasichana wanne, mama. Wewe unaye huyo mmoja."

Cherop ni mimi. Nilikuwa nimekaa hapo hapo.

Siku ile mjane mwenyewe ndiye aliyenisindikiza kisimani. Alishika panga, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya kutisha ndege, akanijazia debe, akanitanguliza, na yeye akarudi kinyumenyume, macho kwenye mianzi. Kesho yake akafunga mizigo. Chesang akaniambia, "Wewe utaliwa peke yako." Nikamjibu, "Na nyinyi mtakufa kwa njaa huko chini." Ndivyo tulivyoagana. Mama yake alikuwa ameniachia maziwa kwenye kikombe, juu ya jiwe la moto.

Ng'ombe wake walishuka wakilia. Sijasikia mlio kama ule tena, wa mnyama anayejua anaondolewa penye majani. Mpaka mvua iliporudi, hakuwa amebaki na ng'ombe hata wa kuwambwa ngozi. Walianguka kila mmoja mahali pake, na mbwa wakanenepa. Chesang akapelekwa mjini kusugua sufuria za watu, na hakurudi. Sisi tulishuka na ng'ombe wanaong'aa, wanaume wakatoka majumbani kuwatazama. Baba alinishika kichwa mbele yao akasema, "Huyu ana kazi." Sikumbuki siku nyingine aliyonishika kichwa.

Lakini niwaambie kilichonikaa moyoni. Tangu mjane aondoke mpaka tunashuka, nilikwenda kisimani kila siku, asubuhi na jioni, peke yangu, kwa sababu baba alinituma. Nikajifikiria nikaona jambo liko wazi: hanisadiki. Kama angesadiki, asingenituma. Ameniona mwongo, akautumia uongo wangu kumfukuza mwenzake. Nilikasirika sana. Lakini hasira hiyo ndiyo iliyonipa miguu. Nilijiambia, kama mtu mzima anajua hakuna kitu, basi hakuna kitu, macho yangu ndiyo mapumbavu. Nikawa nachota maji naimba. Nimeolewa na hasira hiyo, nimezaa nayo, nimepanda nayo ndege kuja kulea wajukuu.

Baba bado yuko hai. Ni mzee sana sasa, ndugu yangu humshikia simu sikioni. Jumapili, baada ya ibada, nilimpigia. Tukaongea habari za mahindi na mgongo wake. Halafu nikasema, "Baba, ile ya mianzini, wakati wa kiangazi. Kwa nini uliniona mwongo?"

"Nani? Wewe?" Akakohoa kicheko. "Wewe hujui kudanganya. Hukujua hata ukiwa mdogo."

"Kwa hiyo ulisadiki."

"Nyayo zake nilikuwa nimeziona kabla yako. Pale pale kisimani. Mguu kama huu na huu ukiunganisha." Nikasikia anamwonyesha ndugu yangu kwa mikono.

"Na ukanituma."

Kuku walikuwa wakilia uani kwake.

"Ndama walikuwa na kiu," akasema. "Ulitaka niwaache?"

Nikamwambia apumzike. Nikakata.

Basi mjue hivyo. Maisha yangu yote nilimlaumu mtu kwa kosa ambalo hakulifanya, na laiti angelifanya. Kuonwa mwongo na baba yako ni kitu kidogo, unaweza kukilalia. Kuaminiwa, halafu ukapewa debe, hilo sijui unaliweka wapi.

Sasa mtoto wa binti yangu amelala juu kwa raha zake, na maziwa yake tumboni. Mimi nimekaa jikoni, bibi mzima, mahali ambapo mnyama mkubwa kuliko wote ni mbweha anayepekua taka. Woga wa safari zote zile za kisimani, ambao sikuuona nilipokuwa mtoto, umenifikia wiki hii.