Mita Ilikuwa Inazunguka

Mume wangu ni fundi bomba, na si fundi wa kubabaisha. Akiingia nyumba ya mtu hufungua kila koki, hupiga magoti, huchungulia chini ya sinki mpaka wateja humuuliza, "Fundi, umekuja kutengeneza au kupekua?" Basi huyo huyo ndiye aliyenunua mbuzi kwenye gunia.

Chanzo ni mdogo wake. Shemeji alinunua nyumba ya mnada, zile ambazo benki huziuza mwenyewe akishindwa kulipa mkopo. Akaikuta tupu, safi, akahamia na mama yao. Mama mkwe wangu, niliyemtunza mimi kwenye vyumba vyetu viwili vya kupanga! Sasa kila nikienda namkuta barazani, miguu juu ya stuli, mke wa shemeji akimwita "mama yangu" kwa sauti ya asali. Macho hayana pazia, niliona yote. Roho iliniuma, na mpaka leo inaniuma.

Mume wangu naye aliumia, ila yeye huumia kimya. Mama alimwambia, "Na wewe ukipata kwako, nitakuja." Tangu siku hiyo akaacha hata kupiga mluzi kazini.

Likatoka tangazo la mnada mwingine. Dalali alitusimamisha getini, akasema ndani hakuingiliki mpaka mtu alipe.

"Tukiuliza-uliza, mdogo wako ataichukua na hii," nikamwambia mume wangu.

Akainama kwenye mita ya maji pale ukutani, akainuka anacheka. "Mke wangu, mita inazunguka! Maji yapo, tena yana nguvu."

Tukanunua kwa akiba yetu yote. Mimi nikashona mapazia ya chumba cha mbele, cha mama mkwe.

Siku ya kuhamia tulimchukua mama, mkoba wake kichwani kwangu, mimi mbele. Fundi akaingiza ufunguo aliopewa na dalali. Ukagoma. Mlango ukafunguliwa kwa ndani na bibi mmoja, rika la mama mkwe, mikono ina povu hadi viwikoni. Nyuma yake bomba lilikuwa likijaza beseni la nguo.

"Karibuni," akasema. "Kama ni mambo ya benki, aliyekopa ni mwanangu, na alishakimbia. Mimi siendi popote. Niende wapi?"

Mume wangu akageuka kuitazama ile mita.

"Fundi mzima!" nikafoka. "Mita ikizunguka, si kuna mtu anafungua bomba?"

Tukampigia dalali simu, naye akasema kumtoa mtu ni kazi ya mnunuzi, twende mahakamani. Mimi nilikuwa tayari siku ile ile. Lakini mama mkwe alikuwa ameshaketi kando ya beseni, anasuuza.

"Nikilala humu mimi," akamuuliza mwanawe, "huyu alale wapi?" Akaomba arudishwe kwa mdogo.

Kesi bado inasuasua, na sisi bado tumepanga. Kila Ijumaa mama mkwe hupita mlangoni kwangu na kipande cha sabuni mkononi. "Hamjambo humu?" Haketi hata kidogo. Anakwenda kwa shoga yake, kwenye nyumba yetu.

Juzi koki ya huko ilivuja, wakamwita mume wangu. Alirudi amelowa.

"Mama amekula?" nikamuuliza.

"Amekula. Nimemwacha amejilaza chumba cha mbele."

Mapazia yake ninayo mimi, yamekunjwa chini ya kitanda.