Siku Muriithi Alipomshika Mama Mkono

Usiponiamini sitakulaumu. Ningemsikia mtu akisimulia haya katika hoteli pale Naro Moru, ningemaliza chai yangu nikaondoka. Lakini yalinipata mimi, mchana kweupe, nikiwa na akili zangu timamu.

Ilikuwa Agosti, shule zimefungwa. Mama yangu alikuwa hajawahi kuona bahari, na miguu yake ilikuwa imeanza kukataa kazi. Kwa hiyo mimi, mke wangu Wanja na watoto wetu wawili tukamchukua, tukashuka naye hadi Kilifi kwa binamu wa Wanja. Kesho yake tukapanga kutembea: asubuhi tuone msitu wa zamani ulio karibu na bahari, kisha tutokee ufukweni.

Kuna jambo lazima ulijue kwanza. Nilikuwa na ndugu mdogo, Muriithi, mpishi huko pwani. Baba alipofariki, Muriithi alifika tukiwa tumeshafukia kaburi. Nilimwita nyuma ya zizi nikamwambia asikanyage tena boma lile. Akaondoka bila kula. Mama hakuambiwa neno. Kwa miaka mitano alikuwa akiniuliza mbona Muriithi hapigi simu, nami nikimjibu kwamba pengine amebadilisha namba.

Basi msituni, mzee aliyekuwa akituongoza alitangulia na Wanja na watoto. Mimi nikabaki nyuma na Mama. Niliinama kufunga kamba ya kiatu, na nilipoinuka, Mama alikuwa ameshikwa mkono na mtu, wanaongea Kikuyu polepole. Alikuwa Muriithi. Niamini, hakuwa mtu wa kufanana naye. Lile kovu kwenye kidole gumba nililijua, maana ni mimi niliyemkata kwa panga tukipasua kuni utotoni.

Mama hakushtuka hata kidogo. Alimuuliza kama anakula vizuri, kama ameoa, kama bado anakohoa. Muriithi alimjibu yote, huku akimvusha kila mzizi, hadi miti ikapungua tukasikia mawimbi. Hapo akamkalisha Mama kwenye gogo, akanigeukia.

"Uliniambia nisirudi nyumbani," akasema. "Sikurudi."

Hakuwa na hasira. Ungeisikia sauti ile, ungetamani akutukane. Nikamwambia nilikosea, anisamehe, twende naye siku hiyo hiyo, ati gari iko na nafasi.

"Saa hii siwezi. Wewe mpeleke Mama aone maji."

Niligeuka kumwinua Mama. Nilipotazama tena, njia ilikuwa tupu mbele na nyuma.

Ufukweni Mama aliloweka miguu akicheka na wajukuu wake. Mimi nilikaa kando nikiitazama njia tuliyotokea. Yule mzee akaja akaniuliza tunatoka wapi. Nikamwambia Nyeri. Akaniambia kwamba miaka mitatu iliyopita mpishi mmoja alizama hapo. Wenyeji walitafuta jamaa zake, wakawakosa.

"Akisema kwao ni Nyeri, ila hana pa kurudi," akasema. "Tukamzika sisi, mwanangu."

Akanipeleka ukingoni mwa msitu. Kulikuwa na ubao, na jina la ndugu yangu limeandikwa kwa rangi. Je, ungefanya nini? Mimi nilipiga magoti nikalia, kisha nikanawa uso nisije nikaulizwa na Mama.

Jumapili baada ya kurudi, Mama alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwamba mwanawe amepatikana. Watu wakapiga makofi. Nami nikapiga. Wanja anajua, lakini ananiambia ni mimi ninayepaswa kusema. Kila Desemba Mama huanika blanketi za Muriithi juani akitumaini atakuja Krismasi, na kila Desemba nashindwa kufungua mdomo.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako uliyemfukuza, mpigie simu leo. Usingoje yeye akutafute. Wangu alinitafuta.