Alama za Mwalimu Marcellin

Masumbuko alikuwa na saa mbili tu kwa juma ambazo miguu yake haikuitwa na mtu. Zilikuwa saa za Jumapili, baada ya ibada na baada ya kula, wakati Nzigire mkewe amejilaza kwenye kochi na viatu vyake bado miguuni, na Grâce binti yao amejifungia chumbani na vitabu vyake. Siku nyingine Masumbuko alikuwa ghalani, kusini mwa jiji la Columbus, Marekani, akitembea kati ya rafu za nguo saa kumi kwa siku, kifaa cha kusomea namba kimefungwa mkononi kama pingu ya upande mmoja. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Magoti yake yalikuwa na zaidi.

Katika saa hizo mbili alikaa kwenye ngazi za nyuma ya nyumba waliyopanga mtaa wa Linden, akavuta sigaa moja. Hakuvuta sigara za kawaida, na wala hakunywa pombe. Alivuta zile nene, zinazoviringwa kwa mkono kwa majani matupu ya tumbaku, na hakuvuta ovyo. Alionja. Alikuwa na daftari la shule lenye jalada jekundu, na ndani yake kila sigaa ilikuwa na ukurasa wake, jina lake na alama zake.

Jambo hilo lilianza mwaka 2013. Supavaiza wake alipata mtoto wa kiume, akapita mstarini akimpa kila mfanyakazi sigaa, maana huko ndivyo baba anavyosherehekea. Wengi waliziacha kwenye makabati yao. Masumbuko alipeleka yake nyumbani, akaiwasha pale kwenye ngazi, na moshi wa kwanza ulipompita puani akanyanyuka nusu, kama mtu aliyeitwa kwa jina. Ulikuwa moshi wa kiko cha bibi yake kule kijijini Lemera, Kongo. Haukufanana nao tu. Ulikuwa ni ule ule.

Nzigire akafungua dirisha. "Baba Grâce, nini inaungua huko?"

"Hakuna kitu. Ni bibi yangu."

"Bibi yako amekufa toka zamani. Zima hiyo kitu, nguo za kanisa ziko kwenye kamba."

Hakuizima. Alimpigia simu Hyacinthe, rafiki yake wa Louisville. Walikuwa wamekaa mlango kwa mlango miaka kumi na mbili katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, kisha ndege zikawatupa kila mmoja kwake. Hyacinthe alikuwa akipakia mizigo uwanja wa ndege, na alikuwa mtu wa kupenda kila kitu. Juma lililofuata alienda katika duka linalouza sigaa, akakuta zimepangwa ndani ya kabati la mbao lenye unyevu, na muuzaji akamweleza kwamba kuna watu wazima, wenye kazi zao, wanaozionja na kuzipa alama kama mitihani.

"Donc," akasema Hyacinthe kwenye simu, "kama ni mambo ya kutoa alama, sisi tuko na mwalimu wetu."

Mwalimu alikuwa Marcellin. Kambini alifundisha darasa la sita chini ya turubai, na watoto wake wote walijua kwamba hatoi alama za bure. Sasa alikuwa Buffalo, akiwaogesha na kuwalisha watu wazima wenye ulemavu katika nyumba moja ya malezi, zamu za alfajiri. Walipomweleza, alisema sharti lake: watatoa alama juu ya makumi mbili, yaani ishirini, kama shuleni. Nne kwa jani na namna lilivyoviringwa, nne kwa jinsi moshi unavyopita, nne kwa majivu, nane kwa ladha. Na mtu akitaja ladha, ataje kitu alichowahi kukiweka mdomoni au puani. "Musiniletee maneno ya kwenye internet," alisema.

Basi kila mwezi Hyacinthe alinunua tatu za aina moja, akajibakizia moja, akatuma mbili kwa posta. Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa tisa alasiri, simu ya watu watatu iliunganishwa. Hyacinthe alivuta ndani ya gari lake, vioo vimeshushwa. Masumbuko kwenye ngazi. Marcellin kwenye baraza ya mbele ya nyumba yake, North Buffalo.

Hyacinthe hakuwahi kutoa chini ya kumi na sita. Masumbuko alihangaika na maneno. Aliandika "maganda ya karanga yaliyoungua," akafuta, akaandika "ukoko wa bugali," akaridhika, akatoa kumi na mbili. Marcellin alisubiri wote wamalize, halafu akasema yake, na mara nyingi Masumbuko alivuta tena baada ya kumsikiliza na kukuta kitu ambacho mdomo wake ulikuwa umekipita.

Mwaka wa kwanza Marcellin alikuwa mzuri. Mwaka wa pili akawa wa ajabu. Sigaa moja ya Nikaragua alisema inaanza kama mfuko wa gunia uliowekewa kahawa, gunia lenyewe na siyo kahawa, kisha inaingia utamu wa ndizi iliyosahauliwa juu ya bati, na mwisho inaacha ulimi kama umeramba ubao wa darasa. Hyacinthe alipiga honi ya gari kwa furaha. Masumbuko aliandika yote neno kwa neno, na siku ambazo ghala lilikuwa limemkausha kabisa alisoma ukurasa huo wakati wa mapumziko, sandwichi mkononi.

Mara moja tu alishangaa. Ilikuwa Februari, na kule Buffalo theluji ilikuwa imefika madirishani.

"Mwalimu, unavutia wapi na baridi hiyo?"

"Niko kwenye garaji," Marcellin alijibu upesi, akaendelea na majivu.

Oktoba 2015 ghala lilifungwa siku tano ili kubadilisha mikanda ya kubebea mizigo. Masumbuko alilala siku nzima ya kwanza. Siku ya pili Nzigire alimwambia, "Unakaa hapa kama mgonjwa. Nenda umuone Mwalimu wako. Toka kambini miaka mine sasa, sauti tu." Sigaa ya mwezi huo ilikuwa imeshafika. Akaitia katika mfuko wa koti, akaendesha gari hadi Cleveland, kisha akafuata ziwa mpaka Buffalo, akisimama mara tatu kunyoosha magoti.

Marcellin aliyemfungulia mlango alikuwa amepungua. Shati lilimning'inia mabegani. Leya, mkewe, alimkumbatia Masumbuko akamshika muda mrefu kuliko kawaida, akasema, "Shemeji, umefanya vizuri kuja." Walikula samaki, wakaongea juu ya watu wa kambini, nani yuko Texas, nani amekufa. Marcellin alilala kitini kabla ya sahani kuondolewa. Leya akasema ni kazi.

Jumapili, saa tisa kasoro, wanaume wawili walitoka barazani na viti vyao. Majani ya miti yalikuwa yameanguka mpaka kwenye ngazi. Masumbuko akakata ncha ya sigaa yake kwa wembe, akaiwasha. Marcellin alivuta kiti chake hadi pembe ya mbali, upande ambao upepo ulitokea, akatoa sigaa yake mfukoni. Hakuikata. Simu ikaita. Hyacinthe alikuwa tayari anapiga kelele.

"Leo muko wawili mahali pamoja! Mimi niko yatima! Bon, nani anaanza?"

Hyacinthe mwenyewe akaanza, akatoa kumi na saba. Masumbuko akatoa kumi na tatu. Kisha ikawa zamu ya Mwalimu.

Marcellin aliipitisha sigaa baridi chini ya pua, taratibu, kutoka ncha moja hadi nyingine. Akafumba macho. "Moshi unapita vizuri," alisema, "lakini katikati unakaza kidogo, kama mlango wenye bawaba ya kutu. Majivu ni meupe, yanashika." Hapakuwa na majivu. Hapakuwa na kiberiti. Masumbuko aliinua kichwa akamtazama, na Marcellin akafumbua macho, wakatazamana, na sauti haikutetemeka hata kidogo. "Ladha... mwanzoni ni shati la mtu aliyetoka kufukiza samaki. Halafu inakuja harufu ya nyumba mpya ya udongo, siku ile umepaka ukuta na bado haujakauka. Natoa kumi na ine."

"Mwalimu!" Hyacinthe alipaza sauti huko Louisville. "Nyumba ya udongo! Mimi nimeisikia sasa hivi, nasema kweli!"

Walipokata simu, Masumbuko aliiweka sakafuni. Sigaa yake ilikuwa ikijiunguza yenyewe kati ya vidole.

"Toka lini?" aliuliza.

"Toka Agosti ya mwaka uliopita. Daktari alisikiliza moyo, akafanya picha, akasema nikitaka kuona wajukuu niache moshi wote. Hata wa jikoni."

"Mwaka mzima na zaidi. Unatudanganya."

"Nilikuwa naweka puani. Si kila kitu ni uongo."

"Majivu, Mwalimu! Umetoa alama kwa majivu!"

Marcellin aliitazama ile sigaa nzima mkononi mwake. "Sikiliza, Masu. Mimi naamka saa tisa ya usiku. Nainua watu wazito kuliko mimi. Leya anarudi, mimi natoka. Watoto wanasema Kiingereza mpaka ndotoni. Kwa mwezi mzima kuna saa moja tu ambayo watu wananingoja niseme. Kama ningesema nimeacha, mungeniambia pole, mwezi wa pili mungenisalimia, mwezi wa tatu mungesahau. Si kwa ubaya. Watu wanachoka."

"Na hizo nyumba za udongo, unazitoa wapi?"

"Nazikumbuka. Nikishaacha kuvuta, nikabaki na kunusa na kukumbuka tu. Kuna kazi gani nyingine?"

Masumbuko alikuwa na hasira, na hasira hiyo ilimshangaza, maana ilikuwa juu ya kitu kidogo sana. Alifikiria kurasa za daftari, sandwichi, mapumziko ya dakika kumi na tano. Alitaka kusema kwamba amebeba maneno hayo kama chakula. Lakini alipomtazama Mwalimu, mabega yake ndani ya shati kubwa, hasira ikakosa pa kukaa. Akaizima sigaa yake kwenye ukingo wa ngazi, ikiwa bado nusu.

"Usizime kwa ajili yangu," Marcellin alisema.

"Daktari amesema moshi wote."

Leya, aliyekuwa akisikiliza mlangoni, alienda ndani akarudi na droo nzima aliyoichomoa kabatini. Humo sigaa zilikuwa zimelala kwenye karatasi laini, hakuna hata moja iliyoguswa na moto. "Nilimwambia aseme," alisema. "Miaka yote ni mwalimu, lakini hasikii."

"Hyacinthe lazima ajue," Masumbuko alisema. "Na siyo kutoka kwangu."

"Nitamwambia mimi."

Alimwambia Jumapili iliyofuata. Masumbuko, aliyekuwa amesharudi Linden, alikuwa kwenye simu hiyo na alitamani asiwepo. Hyacinthe alisema, karibu na machozi, "Mimi nilikuwa nashusha alama zangu kwa sababu yako. Nilikuwa nataka kutoa kumi na nane, nakumbuka mwezi uliopita wewe ulisema kumi na ine, naona aibu. Kumbe ulikuwa haujaonja!" Akakata. Novemba hakutuma kifurushi. Desemba hakutuma. Masumbuko alipopiga, alijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba msimu wa Noeli mizigo ni mingi, na hilo lilikuwa kweli, lakini halikuwa kweli lote.

Masumbuko aliendelea peke yake kidogo. Alijinunulia moja, akaivuta kwenye ngazi akiwa na koti na kofia, akafungua daftari. Aliandika jina. Alikaa na kalamu mpaka vidole vikafa ganzi, akagundua kwamba hajui kama ni nzuri au mbaya, kwa sababu hakuna anayemngoja aseme. Akaingia ndani. Nzigire alimuuliza mbona mapema leo, akajibu baridi.

Aliyerudisha mambo alikuwa Hyacinthe, na hakurudi kwa hotuba. Machi, Jumapili moja, alipiga simu bila taarifa, tayari amemuunganisha Marcellin. Alikuwa amehamishiwa shifti ya usiku na sauti yake ilikuwa imekwaruzika. "Mwalimu," alisema, "sikiliza. Mimi nitavuta. Wewe utaniuliza maswali, kama shuleni, mpaka nikuambie kitu cha kweli. Alama natoa mimi."

"Sawa," Marcellin alisema. "Jani liko na rangi gani?"

"Kahawia."

"Kahawia ya nini?"

Hivyo ndivyo walivyoendelea mwaka huo wa 2016. Haikuwa kila mwezi. Wakati mwingine zamu ziligongana, wakati mwingine mtoto wa mtu aliolewa au kanisa likawa na mkutano. Marcellin alipunguziwa saa za kazi, akarudisha mwili kidogo. Sigaa za kwenye droo aliwatumia wenzake mbili mbili, na ladha ya nyingi ilikuwa imeshakufa kwa kukauka. Waliziita hivyo hivyo kwenye daftari, "kavu," wakazipa saba na nane, hata Hyacinthe.

Jumapili moja ya Septemba Masumbuko alikuwa kwenye ngazi, miguu ndani ya beseni la maji ya chumvi, sigaa ikiwa imefika nusu. Marcellin alikuwa ameuliza swali kuhusu moshi, na Hyacinthe hakujibu. Wakamwita. Kwenye simu kukasikika pumzi nzito, ndefu, yenye mkoromo mdogo mwishoni.

"Amelala," Masumbuko alisema. "Iko na moto mkononi?"

"Hyacinthe!" Marcellin akapaza sauti ya darasani. "Zima!"

Kitu kikaanguka, Hyacinthe akaguna, wakasikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa. "Nimezima," alisema kwa sauti ya mtu aliyeko mbali. Baada ya kidogo pumzi ile ikarudi.

"Mwache," Marcellin alisema. "Anaingia kazini saa ine."

Hawakukata. Waliteremsha sauti, wakaendelea kuongea wao wawili, juu ya dawa ya magoti ambayo Leya ameisikia kwa mtu, mpaka maji ya beseni yakapoa.