Tatu Katika Ishirini na Nne

Inshirah hajui kukaa. Mkaribishe chai, ataonja, atainuka, atachungulia mlangoni, kisha atarudi kukuuliza kikombe chake kiko wapi. Mlango wangu unatazamana na wake, na nakwambia mwanamke huyu ana sababu. Mumewe, Hilmi, hulima mashamba ya kukodi. Kila pamba ikishavunwa wanakaa roho juu, wakingoja mwenye shamba aseme, "Mwakani nina mtu mwingine." Duniani Inshirah alitaka kitu kimoja tu: udongo ambao hakuna wa kumwondoa.

Baba yake alipofariki aliacha fedani moja, kama ekari hivi, kando ya mfereji. Fedani ni kirati ishirini na nne, na mirathi ilikaa sawasawa: mama yao thumni yake, kirati tatu, wana wawili wa kiume, sita sita, mabinti watatu, tatu tatu. Jumlisha mwenyewe. Lakini binti wa kwetu hachukui ardhi. Atachukua bata wawili na kitambaa cha nguo, atasema, "Nimewaachia kaka zangu," na watu watamsifu. Dada zake wawili walichukua bata, kila kaka akapanda kutoka sita hadi tisa. Inshirah alikataa. Mimi nilifurahi mpaka nikajionea haya.

Kaka mkubwa, Abdulmawgud, alimwita mbele ya wazee, sauti yake asali tupu. "Dada yangu, usitufedheheshe. Utapata tatu zako katika ishirini na nne. Yaishe?"

"Yaishe."

Wakasoma Fatiha kuyafunga makubaliano.

Kesho yake Hajj Shihata, mpimaji, akaja shambani na fimbo yake ya mwanzi. Abdulmawgud akamwonyesha pembeni, penye matope. "Mpimie hapo. Sahamu tatu."

Sasa elewa: kirati moja nayo hukatwa sahamu ishirini na nne. Sahamu tatu ni mahali pa punda kugaagaa, tena punda mwenye adabu.

"Ni kirati tatu, kaka," Inshirah akasema.

"Nilisema tatu katika ishirini na nne. Kwani sahamu si ishirini na nne? Fatiha imeshasomwa, dada."

Mdogo wao, Sabir, akatazama viatu vyake. Inshirah alikuwa akienda na kurudi kwenye tuta kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nilidhani atapiga mayowe. Mimi ningepiga.

"Haya, sahamu," akasema. "Na tisa zako wewe ni tisa za nini?"

"Kirati, za nini tena!"

"Aka! Unajumlisha bata na mayai yake? Sote tumekatwa kwenye ishirini na nne moja. Zangu zikiwa sahamu, zako pia sahamu. Tisa zako, tisa za Sabir, tatu za mama, tatu zangu: sahamu ishirini na nne. Hiyo ni kirati moja. Itoe kwenye shamba, zinabaki ishirini na tatu. Ni za nani hizo, kaka? Umemwachia baba alime huko kaburini?"

Hajj Shihata alicheka mpaka fimbo ikamtoka mkononi. Alipoiokota, alipima kirati tatu kamili, akachomeka vijiti.

"Chukua," Abdulmawgud akasema. "Na tangu leo huna kaka."

Sikukuu kwetu, kaka huenda kwa dada yake aliyeolewa, na nyama na mikate mitamu, mtaa mzima ukimwona. Mwaka ule maharage ya Inshirah yalikuwa yameshachipua. Alipika chungu kikubwa kuliko watu wa nyumba yake, na kila mguu uliopita kichochoroni ulimwinua. Hata mbuzi alimwinua. Niliumia kumtazama.

Aliyekuja ni mama yake, mikono mitupu.

"Mwanangu, mwachie kaka yako kirati moja tu. Nimesema naye, atakuja leo hii. Tatu toa moja ni mbili. Mbili si haba."

"Na Sikukuu ijayo atataka ngapi?"

Inshirah akalia kwa sauti, mlango wazi, bila kujali nani anasikia. Kisha akajifuta uso, akamega mkate, akampa mama yake.

"Mwambie nampenda," akasema. "Na mwambie zimebaki tatu."