Glasi Kumi na Saba za Kuondoa Uchawi

Kama kuna mtu anacheka kabla sijaanza, atoke nje amalizie kucheka huko, kwa sababu jambo hili bado linaniuma, na nawasimulia tu kwa vile mmesikia uongo mwingi. Ati niliiba vodka! Ati nilianguka kwenye beseni la barafu nikiwa uchi! Kuanguka nilianguka, sikatai, tena mbele ya watu wazima wote wa Voi wenye heshima zao, lakini nilikuwa na suruali, na tai nyeusi shingoni, na viatu vyote viwili.

Hiyo ilikuwa miaka ya sabini, nikiwa mhudumu wa baa katika hoteli moja ya watalii pale Voi, na pombe sikuwa naonja hata tone (ndiyo, mhudumu wa baa asiyekunywa, chekeni basi), kwa sababu Wakesho, mke wangu, alikubali nimuoe kwa sharti hilo moja tu, mbele ya mama yake, baba yangu na mzee wa kanisa. Aliyekuwa akisimamia baa ni mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao, na meneja alikuwa ameniahidi kwa mdomo wake kwamba funguo za stoo ya vinywaji zitakuwa zangu. Mwafrika hakuwa amewahi kuzishika. Nilikuwa nimezingoja miaka sita, nikijibu "yes sir" mpaka shingo ikachoka.

Sasa, wageni walikuwa wanakunywa mchana, na jua la Voi mnalijua, halafu wanalala vitini midomo wazi na gari la kwenda kuangalia ndovu linawaacha. Meneja akaniita akaniambia, "Mwadime, nitengenezee kitu chepesi." Haki ya Mungu, kazi hiyo niliifanya kwa moyo wangu wote. Mnanaa nilitoa kwa shangazi yangu anayekaa Werugha, kule milimani kwenye ukungu ambako majani yake hunenepa, mchaichai nikakata uani kwetu Mbololo, ndimu na machungwa nikanunua sokoni. Mchaichai unauchemsha kidogo na sukari unauacha upoe, mnanaa unaupiga kofi kiganjani, usiuponde, ukiuponda unakuwa mchungu kama dawa ya malaria, halafu maji ya ndimu, maji ya chungwa, vodka nusu ya kipimo cha kawaida, barafu, na soda isiyo na sukari juu yake. (Nilijuaje utamu wake bila kuonja? Otieno wa jikoni ndiye aliyekuwa ulimi wangu, na ulimi wa Otieno haukuwa wa mchezo.) Meneja alipoonja alifunga macho. Nikajua funguo ni zangu.

Basi ikapangwa kwamba Jumamosi saa nane mchana, siku ya kufungua baraza jipya la hoteli, wazee wa hapa waalikwe, wazee kumi na sita, wapewe kinywaji hicho, na wakimaliza mimi nikabidhiwe funguo mbele yao. Na mimi, kwa ujinga wangu, nikamwomba meneja aongeze mtu mmoja. Baba yangu. Nilitaka Baba anione siku hiyo, basi, hiyo tu, na hapo ndipo nilipojichimbia shimo.

Wakaja na makoti yao na kofia zao, wakakaa. Nikaweka glasi mbele ya kila mmoja, zinatoka jasho la barafu, jani la mnanaa juu, zinapendeza kweli. Hakuna aliyenyoosha mkono. Mzee Mghanga, jirani yetu wa Mbololo, akainamia yake akainusa.

"Haya majani ni ya nini?"

"Ni ya harufu, mzee."

"Harufu ya kuficha nini?"

Kwa wasiojua: kwetu ukimkaribisha mtu mbangara, pombe yetu ya miwa, unakunywa wewe kwanza naye akikuona. Hiyo ndiyo kuondoa uchawi. Ni desturi nzuri, siipingi. Lakini mbangara iko kwenye kibuyu kimoja! Unakunywa mara moja, kibuyu kinazunguka, mambo yamekwisha. Nani aliwahi kukaa akafikiria itakuwaje siku kila mzee ana chombo chake?

Nikamwangalia Baba anisaidie. Baba huyo huyo, aliyekuwepo siku ile ya sharti la Wakesho, aliyesikia kwa masikio yake! Akasukuma glasi yake kwangu akasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni, "Mwanangu, desturi umesahau? Ondoa uchawi."

Nikainama nikamnong'oneza, "Baba, mimi sinywi. Unajua."

"Unanikataa mbele ya watu?"

Nikanywa. Nilifanya kulowesha midomo tu, lakini Baba akacheka akawageukia wenzake, "Huyo amelamba!" halafu akaweka kidole kwenye glasi, "Kunywa mpaka hapa." Nikanywa mpaka hapo. Nikafikiri yamekwisha.

"Na yangu?" akasema Mzee Mghanga.

"Mzee, ni kitu kimoja, kimetoka kwa jagi moja."

"Ile ni ya babako. Babako utamuulia nini? Yangu mimi ndiyo nataka kuona."

Jamani, mngemjibu nini? Nikanywa ya Mghanga, kipimo kilekile cha kidole, na wa tatu tayari alikuwa ameshainua yake, na wa nne, na kila mmoja ananitazama koo aone likishuka, na kila nikimwangalia Baba aseme imetosha, yeye anatabasamu kwa fahari, "Mnaona? Mwanangu nimemlea." Umenilea! Tumboni sikuwa na kitu, asubuhi nzima nilikuwa nakata ndimu. Nilipofika glasi ya kumi na saba, kuta za baraza zilikuwa zinapumua, na wazee sasa, baada ya kuhakikisha, walikuwa wameimaliza yote na wanasifu, tamu hii, nyepesi hii, lete nyingine. Nikaleta jagi la pili. Mzee Mghanga akaziba glasi yake kwa kiganja.

"Hiyo ni mpya. Hatujaijua."

Nikaanza tena upya! Ndipo meneja akatoka na funguo mkononi, ana uso wa sikukuu, akasema maneno mazuri juu yangu, kisha akaniita nisogee. Nikasogea. Nilitaka kusema asante. Mungu ni shahidi, neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa asante. Lakini hasira ilikuwa imenijaa mpaka puani, nikawageukia wale wazee nikapiga kelele, "Mchawi hapa si mimi! Wachawi ni nyinyi! Na wewe Baba ndiye mkubwa wao!"

Kumwita mzee mchawi kwetu ni jambo la kuitiwa kikao cha wazee, si la mchezo. Nikarudi nyuma hatua moja niwaombe msamaha, beseni la barafu lililokuwa nyuma yangu likanidaka nyuma ya magoti, nikakaa ndani ya barafu na maganda ya machungwa, miguu juu.

Otieno, Mungu ambariki, alikuja mbio akajaribu kumweleza meneja kwamba huyu hajaiba, amelazimishwa. Meneja akauliza, "Na nani?" Otieno akamwangalia Baba. Mimi pia, kutoka beseni, nikamwangalia Baba. Neno moja tu lingetosha. Baba akageuza uso akaangalia barabara kana kwamba kuna mtu anamngoja. Meneja akatia funguo mfukoni.

Funguo alipewa Otieno, nami nikapelekwa jikoni kumenya viazi. Wazee waliendelea kuja kila Jumamosi kunywa kinywaji changu, na hakuna aliyeomba kuondolewa uchawi tena, ati wamekwisha kuijua! Nyumbani nilimweleza Wakesho yote, nani alisema nini. Akasikiliza akiwa anapepeta maharagwe, akasema, "Kwenye sharti letu hatukusema, 'isipokuwa baba akiamuru.'" Hakuniacha, lakini kwa wiki kadhaa chakula nilipakuliwa bila salamu.

Baba alikuja siku ya nne. Nilikuwa nimejiandaa, maneno yote nimeyapanga. Akakaa, akasema, "Ungekataa tu."

"Baba! Si ulisema ninakukataa mbele ya watu?"

"Nilisema. Na wewe ungekataa."

Hajawahi kusema zaidi ya hapo, na sasa yuko kaburini, na mimi sehemu ya hasira bado ninayo, sitawadanganya. Sijatengeneza tena kinywaji cha mtu yeyote zaidi ya chai. Lakini kiapo changu hasa ni kingine. Nina watoto watano, na sijawahi kumwamuru hata mmoja wao mbele ya wageni jambo ambalo tukiwa peke yetu alishaniambia hawezi. Mara moja amri ya namna hiyo ilinitoka mdomoni, wageni wamejaa sebuleni, nikamwona mwanangu ananiangalia. Nikamwambia, "Kaa chini, mwanangu, nimekosea," na wageni wakanishangaa, nikawaacha washangae.