Kopo la Mafuta Juu ya Meza

Mama bado ana lile kopo. Hulitumia kuhifadhia mbegu za mahindi, na kila anapolifungua kabla ya kupanda, harufu ya mafuta yaliyochacha hunipanda puani, ingawa limeoshwa mara nyingi. Bendera ya Amerika ubavuni imechujuka, imebaki michirizi tu. Nikiinusa harufu ile hasira yangu huamka, nanyi ndio wa kwanza kuambiwa sababu.

Nilikuwa darasa la sita, si mbali na kijiji cha Ngao, kando ya mto, mwaka uliofuata mafuriko makubwa. Redio ilisema Kenya, Uganda na Tanzania zinataka kuungana tena. Mwalimu wa Kiswahili akaandika ubaoni mada ya mdahalo wa Ijumaa: nchi hizi zikiungana zinaweza kushindana na Amerika. Upande wa kuunga mkono alitupa mimi na Habiba, tuliokaa dawati moja. Nadhani alinichagua kwa kuwa sikuwahi kufungua mdomo darasani.

Habiba alikuwa binti wa wafugaji, Mworma. Sisi ni Wapokomo, wakulima. Ng'ombe wao walishukia mtoni kwa njia iliyopita kando ya shamba letu, tunayoiita malka. Wakati wa kiangazi mama yake alituletea kibuyu cha maziwa yenye harufu ya moshi, akarudi na ndizi na mahindi. Hoja yetu tuliitoa hapo. Habiba angeeleza habari za nchi. Mimi ningesimama mwisho niseme sentensi nne tu. Kabla ya chakula cha msaada, nani alitulisha? Maziwa yao na mahindi yetu. Watu wasiofanana walishiba kwa kupeana. Nchi tatu zitashindwaje? Nilizikariri nikichota maji, nikifagia, hata nikitafuna.

Jumatano baba alikata miiba akaiziba malka. Mafuriko yalikuwa yamebeba mazao yetu, na sasa nyumbani kulikuwa na magunia ya mahindi ya njano na makopo ya mafuta, msaada wa Amerika ulioletwa na lori.

"Maziwa yao ya nini tena?" alisema. "Watanikanyagia miche bure."

"Na lori likikoma kuja," mama akamuuliza, "utakunywa nini?"

Baba aliendelea kuburuta miiba.

Ijumaa Habiba alizungumza vizuri, habari za bandari, ziwa na mashamba, bila kutazama karatasi. Kisha akainuka Bakari wa upande wa kupinga, akatoa kopo la mafuta kama yale ya nyumbani kwenye mfuko wake na kuliweka juu ya meza ya mwalimu.

"Habiba, asubuhi umekula nini?"

"Uji."

"Wa mahindi ya rangi gani?"

Darasa likaanza kucheka.

"Sema tu, dada, hata sisi tumekula hayo hayo. Sasa utashindanaje na mtu anayekulisha?"

Mwalimu mwenyewe alicheka hadi akavua miwani. Habiba akakaa, akanigeukia.

"Simama," alininong'oneza. "Sema yale."

Sikusimama. Kwa miaka mingi nilijidanganya kuwa nilishikwa na haya. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimewaona ng'ombe wao wamesimama nyuma ya miiba, wameinua pua wakinusa maji, kisha wakageuzwa kuzungushwa mbali. Ningesemaje maziwa yao na mahindi yetu mbele ya mtu ambaye baba yangu amemzibia mto? Mwalimu alihesabu hadi kumi, akatangaza kwamba Amerika imeshinda. Watoto wenye viatu vilivyotoboka waliipigia makofi nchi isiyojua kama tupo.

Habiba alikusanya madaftari yake. "Wewe na babako," alisema, "mnamwogopa nani?" Jumatatu alihamia dawati la nyuma.

Lori lilikoma kuja kabla ya mvua. Miiba ilibaki. Kiangazi kile tulikula ugali kwa chumvi, na kibuyu hakikuja.

Nimemkasirikia Bakari, nimemkasirikia mwalimu na miwani yake, na baba sijamsamehe mpaka leo. Zamani nililichukia kopo zaidi ya wote. Lakini aliyetuma mafuta hakutuma mtu kukata miiba, wala hakunishika mabega nisiinuke. Amerika haikuwepo darasani siku ile. Tulikuwepo mimi na Habiba, na yeye alikuwa amekwisha kusema sehemu yake.