Waliopata na wasiopata: herufi moja kwenye code yangu ya C ilivyoruka kijiji

Wakuu, habari za humu. Hili nimekaa nalo miaka, na sitalitia chumvi.

Nilikuwa na cheti cha form four na kozi ya miezi mitatu pale Dodoma mjini. Kompyuta ndiyo kwanza zinaingia madukani, na mimi nilishajiona mtaalamu wa nchi nzima.

Ofisi moja ya afya, jina naliacha, ikaniomba programu ndogo ya C. Itoe orodha ya vijiji ambako gari la chanjo ya surua liende.

Mwalimu wa kozi alitufundisha variable, kile kisanduku cha kutunzia hesabu, iwe na jina linalojieleza. Nikatii kupita kiasi:

watotowaliopatachanjo
watotowasiopatachanjo

Ziangalieni vizuri. Herufi moja tu, tena katikati. Kwenye if, ule mstari wa kuchagua kijiji kipi kiingie kwenye orodha, nikaweka ya kwanza badala ya ya pili. Nikaisoma na kuirudia, nikaona safi.

Gari likazunguka wiki mbili. Liliporudi, nesi aliyekwenda nalo, Mama Chidawali, akanifuata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, umenituma kuchanja waliochanjwa. Wanawake wamenicheka, eti sindano zimenizidi nyumbani?"

Kijiji kimoja upande wa Haneti, ambako hakuna mtoto aliyechanjwa, hakikuwamo kabisa kwenye orodha.

Tulipofika, surua ilishatangulia.

Mtoto mmoja wa hapo, Neema, wa miaka minne, alipona. Macho yake hayakupona. Baadaye alipelekwa Buigiri, kwenye shule ya wasioona.

Nilimwonyesha Mama Chidawali karatasi ya code. Akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hiki Kiswahili au Kigogo? Sisi kwenye kadi tunaanza na BADO, wino mwekundu. Mengine yanafuata."

Nikabadilisha:

BADO_watoto_chanjo
TAYARI_watoto_chanjo

Wakuu, jina refu si kosa. Kosa ni kulibananisha bila underscore, kile kistari cha chini, na kulificha katikati lile neno linalobeba maana. Kiswahili chetu kinakanusha tumboni mwa neno, jicho linapita tu. Litangulizeni mbele.

Mama yake Neema nilimfuata nikamwambia kosa ni langu, nikamwandikia yale majina mawili ya kwanza chini mchangani, nikamwonyesha herufi inayoyatofautisha.

Akainama kuyatazama.

"Herufi hiyo moja tu?"

"Hiyo moja tu, mama."

Akaifuta kwa mguu, akaingia ndani.

Nyie majina ya variable zenu mnayakataje? Andikeni hapo chini, na mwenye kunisema aniseme.